Hodi ya Tatu

Meli iliyomleta Semeni Mbaruku haikuwa na nahodha, wala baharia, wala mpishi. Ilikuwa na sauti tu, ya kiume, iliyomwamkia kila asubuhi na kumtajia baridi ya nje imefika ngapi, habari ambayo hakuiomba. Siku mbili nzima mtu mzima alikaa peke yake na makontena matupu mia tatu, akila biskuti na kusali kwa kukisia kibla, maana kila alipouliza, ile sauti ilimpa nyuzi na dakika badala ya kumwonyesha upande.

Ilipofunga gati Kvalhavn, alichungulia dirishani akauona mji wenyewe. Nyumba za mbao, nyekundu na njano, kila moja imesimama mbali na mwenzake kama waliogombana. Jua lilikuwa limechomoza kidogo juu ya mlima, limejiinamia, kama mgeni asiyetaka kukutwa na chakula kikipakuliwa. Barabara moja, theluji pande mbili, mtu hakuna. Hata mbwa hakuna.

Gatini alikuwa amesimama mtembezi, mashine ya kujulia wazee hali. Semeni hakuwahi kumwona ana kwa ana, ingawa wote arobaini wa mji ule walitokana na yeye. Alikuwa na kimo cha mtoto wa darasa la saba, miguu minne yenye kucha za kukanyagia barafu, mikono miwili iliyovikwa glovu za sufi, na penye uso palikuwa na kioo cheusi. Alisimama hatua tatu kutoka kwenye ngazi ya meli, ubavu ubavu, asiukabili mlango. Semeni akajua mara moja. Hivyo ndivyo yeye mwenyewe alivyosimama kwenye milango ya watu miaka yote, ili mlango ukifunguliwa macho yasitangulie miguu kuingia ndani.

"Shikamoo, mama," mtembezi akasema. "Habari za safari?"

Akajibu nzuri. Akaulizwa za nyumbani, akajibu nzuri. Akaulizwa kama wote aliowaacha ni wazima, akajibu wazima, ingawa aliowaacha ni kuku wanne na picha ya marehemu mumewe.

"Na magoti, yanasemaje?"

Miaka mitatu tangu mumewe azikwe, hakuna aliyeyaulizia magoti yale. Leo yanauliziwa mwisho wa dunia na kitu kilichofungwa kwa skrubu, kwa mpangilio ule ule ambao yeye aliulizia magoti ya wenzake Pangani nzima. Kusema kweli alikuwa anajiamkia mwenyewe. Lakini salamu ni salamu. Akasema yanalalamika ila yanatembea, na mtembezi akampokea begi.

*

Mambo yenyewe yalianza miaka saba nyuma. Semeni alikuwa mhudumu wa afya wa kupita nyumba kwa nyumba, Pangani mjini na Bweni ng'ambo ya mto. Anajulia hali wazee, anahesabu vidonge, anachungulia jungu kama kuna kitu, na anaaga. Ikaja kampuni kutoka mbali ikitafuta mtu ambaye wazee hawamfukuzi. Ikamvisha mkanda wenye jicho la kamera kifuani na sikio la kunasa sauti, akatembea nao mwaka na nusu, milango elfu nne na kitu. Mkanda ulipima kila jambo: anasimama hatua ngapi kutoka mlangoni, anapiga hodi kwa sauti ya kiasi gani, anangoja muda gani kabla ya kurudia, anamkatiza nani na nani hamkatizi. Vyote hivyo wakaviita tabia, wakaimimina ndani ya mashine, wakawapelekea wenye kuhitaji.

Kvalhavn walihitaji. Vijana walikuwa wamehamia kusini, wakabaki wazee ndani ya nyumba zao za mbali mbali. Mashine za kwanza kuletwa zilikuwa zikifungua milango kwa funguo zao na kuingia kama polisi, na wazee wawili walizipiga shoka. Walipokuja hawa wa Semeni, wakapiga hodi na kungoja, mji ukatulia. Neno lenyewe halikufasiriwa, lilipita lilivyo. Ukisikia mtu wa kule amesema "hodi", amelijua kwa mashine. Na aliyeko ndani akijibu "karibu", mtembezi anaingia. Asipojibu hodi tatu, mtembezi anaondoka, kwa sababu ndivyo Semeni alivyolelewa: baada ya tatu humsumbui mtu.

Sasa mwezi uliopita Mzee Eilif alianguka nyumbani kwake. Mtembezi alifika Jumatatu, akapiga hodi tatu, akaandika kuwa hakupokelewa, akaondoka. Jumanne hivyo hivyo. Jumatano hivyo hivyo. Alhamisi mzee alikutwa sakafuni, jiko limezimika, na vidole vitatu vya mguu wa kushoto ilibidi vikatwe.

Haya yote alielezwa na Henning, ofisa wa mji, kijana mrefu mwenye macho mekundu ya kukosa usingizi. Alizungumza kwao, na kidude cha sikioni kikamfasiria Semeni kwa Kiswahili cha mtu aliyemeza kamusi. Sheria ya mji, alisema, ni kwamba tabia haibadilishwi mpaka mwenye tabia aletwe, alione kosa kwa macho yake, kisha atie saini. Karatasi ilikuwa tayari. Ilisema watembezi wote arobaini waoshwe tabia ya kungoja, wagonge mara moja na kufungua. Akampa mpaka Ijumaa, siku ya meli yake.

Semeni alimwuliza kama yeye ana mama. Henning akasema anaye, anaishi nyumba ya kijani kule mwisho wa barabara.

"Na wewe, mwanangu, ukienda kwake unagonga?"

Henning akatazama karatasi zake. Akasema siku hizi mtembezi ndiye anayekwenda.

*

Kesho yake asubuhi, kwenye nyumba ya wageni ambayo mgeni alikuwa yeye peke yake, Semeni alikuwa amevaa gagulo na soksi ya mguu mmoja, anaitafuta ya pili chini ya kitanda. Ukasikika mlio mmoja wa kugonga, ko. Kabla hajainua kichwa mlango ukafunguka, baridi ikaingia, na nyuma ya baridi mtembezi.

"Shikamoo, mama. Umelalaje?"

Semeni akavuta shuka ya kitanda na mto wake na kila kilichokuwa juu yake. Mtembezi akaendelea kumwulizia habari za nyumbani kwa upole wote, salamu ile ile, sauti ile ile, huku amesimama katikati ya chumba anamtazama kwa kioo chake cheusi. Ndipo mama wa watu alipokumbuka kuwa Henning alimwambia jana kwamba mmoja amekwisha oshwa, wa majaribio, na ataletwa ili Semeni ajionee kazi yake.

Alipokwenda zake, Semeni alikaa kitandani muda mrefu na soksi yake moja. Kilichomuuma si kuonwa, maana kwa umri ule alihesabu kuwa hasara ni ya aliyeona. Kilichomuuma ni kwamba salamu ilikuwa yake. Mtu akiingia kwa jeuri akakutukana, unajua umevamiwa. Huyu aliingia kwa jeuri akamwulizia magoti.

Akawaza nyumba arobaini, kila siku ya Mungu.

*

Zahanati ilikuwa na vitanda sita na mgonjwa mmoja. Mzee Eilif alikuwa na miaka themanini na moja. Alikuwa rubani wa bandari, akiziingiza meli gatini kwa miaka arobaini, mpaka meli zilipojua kujiingiza zenyewe. Mikono yake ilikuwa mikubwa, imelala juu ya blanketi kama vitu vilivyoazimwa. Alikuwa anatazama dari.

Semeni akaketi, hakusema kitu. Kunyamaza ilikuwa sehemu ya kazi yake, na ndiyo sehemu ambayo kampuni haikuweza kuipima.

"Wewe ndiye ile sauti," mzee akasema mwishowe.

"Sauti si yangu, mzee wangu. Adabu ndiyo yangu."

Mzee akatoa pumzi puani. Semeni hakumwuliza kuanguka. Alimwuliza sakafu ya choo chake ni ya mbao au ya vigae, na kama dirisha linafungika vizuri, maswali ya mtu wa kazi, na mzee akajibu moja baada ya jingine. Akaeleza alivyoteleza akiwa chooni, alivyojaribu kushika beseni, nyonga ilivyokataa. Mlango wa nje ulikuwa hatua tano. Hatua tano, na dirisha la choo lipo juu ya ngazi pale pale anaposimama mtembezi.

Semeni akahesabu hatua tano hizo kichwani. Akainua macho.

"Ulimsikia."

Mzee akavuta blanketi mpaka kidevuni. Semeni akawa amepata jibu lake.

"Hodi tisa, mzee wangu. Siku tatu. Na mdomo unao."

"Ninao." Aliendelea kuitazama dari. "Suruali ilikuwa magotini. Na nilikuwa nimejichafua. Yule hunifikia kila siku kwa miaka mitano, hunisubiri nimalize kukohoa ndipo aseme. Hajapata kuniona bila shati la kola. Nikasema ninyanyuke kwanza, ninawe, nitamfungulia kesho."

"Na kesho?"

"Kesho nilikuwa mchafu kuliko jana."

Nje ya dirisha theluji ilikuwa inadondoka bila haraka yoyote. Mzee akageuza kichwa, akamtazama kwa mara ya kwanza, akamwomba asimwambie mtu. Kule kwao, alisema, anayesikia msaada akaukataa huandikwa kuwa hajimudu. Akishaandikwa hupakiwa melini kupelekwa Nyumba Kubwa kusini, ghorofa tisa, dirisha linatazama maegesho ya magari. Mwenzake mmoja alipelekwa. Alimwandikia barua moja tu, akimwuliza bahari ina rangi gani wiki hii.

Hapo ndipo Semeni alipobanwa. Akisema alichosikia, mtembezi hana kosa, karatasi inachanwa, nyumba arobaini zinabaki na milango yao, na huyu mzee anapakiwa kama kontena. Akinyamaza, mzee anabaki bandarini kwake na milango yote ya mji inakuwa si ya wenyewe. Na kuna la tatu, lililokuwa baya kushinda yote mawili: akinyamaza, na mzee naye akaanguka tena akanyamaza, safari hiyo havitakatwa vidole. Atazikwa, na aliyejua ni yeye.

"Sikiliza, baba," akasema. "Siri yako nitaibeba mpaka Ijumaa. Ijumaa asubuhi unarudishwa kwako, na meli yangu inaondoka saa nane mchana. Katikati hapo utapigiwa hodi. Ukiitika, naondoka nayo, nakufa nayo. Ukinyamaza, naitua mezani kwa Henning."

Mzee akasema huo ni ukatili.

"Ni huo huo," Semeni akasema, akamtengenezea mto.

*

Akitoka pale hakurudi chumbani. Alimchukua mtembezi wa zamu ya upande ule, ambaye bado hajaoshwa, wakaenda nyumbani kwa Eilif. Nusu saa kwa miguu. Njia nzima hawakukutana na kiumbe. Walipita chanja za samaki waliotundikwa wakauke hivi hivi kwa upepo, bila chumvi, na Semeni akawaonea huruma samaki na walaji.

Nyumba ilikuwa nyekundu, ngazi tatu. Jirani wa karibu alikuwa bibi mmoja anayeitwa Ragna, upande wa kushoto, umbali wa kama viwanja viwili vya mpira, na katikati yao uzio uliolala chini. Kwa sababu ya uzio huo hawakuwa wamesemezana miaka kumi na moja. Ndiye aliyemwokota lakini. Aliona bomba la moshi limekaa siku tatu bila moshi, akadhani mtu amekufa, akaja kutazama kama sasa uzio utakuwa wake. Hayo alimwambia Henning mwenyewe bila kupepesa.

Semeni akamwambia mtembezi apige hodi kama alivyopiga siku ile.

Mtembezi akasimama ubavu ubavu. "Hodi." Akangoja. "Hodi." Akangoja zaidi. Mara ya tatu akapaza sauti kidogo, na akageuza uso kushoto. "Hodi." Kisha akarudi nyuma hatua moja, akageuka kuondoka.

"Ngoja," Semeni akasema. "Mbona umegeuza uso?"

Mtembezi akasema ndivyo alivyofundishwa. Katika milango elfu nne, ya tatu ilipigwa na uso umegeuka, mara nyingi kushoto, wakati mwingine kulia.

Semeni hakujua kama alikuwa akifanya hivyo. Alitazama alikotazama mtembezi. Palikuwa na theluji, na upepo ukiikokota theluji kutoka hapa kuipeleka pale. Miaka mitano, nyumba arobaini, na kila penye kimya hawa viumbe walikuwa wanageuza uso na kulipigia hodi ganda la theluji.

Akaomba asikilizishwe hodi moja ya zamani, ya Pangani, mahali popote. Mtembezi akaitoa kifuani. Ilikuwa sauti yake Semeni, ya miaka sita iliyopita, ina pumzi zaidi. Hodi. Kimya. Hodi. Kimya. Hodi. Kimya safi kama mchele uliochambuliwa.

Lakini Pangani hakujapata kuwa na kimya kama kile tangu iumbwe. Redio iko wapi? Kinu kiko wapi? Na yule wa baraza ya pili, ambaye hodi ya tatu ikimfikia tu huinua shingo na kusema ita tena mama, yupo, anaoga. Au kaenda msibani, rudi jioni. Au mama Semeni, tangu jana sijamwona, hebu tusukume mlango? Akauliza wako wapi watu hao.

Mtembezi akatafuta. Akasema sauti zote za pembeni, zisizotoka kwa Semeni wala kwa mwenye nyumba, zilipunguzwa kabla ya mafunzo. Ziliorodheshwa kuwa kelele.

Semeni akaketi kwenye ngazi ya mtu, barafu na gagulo na yote. Maisha yake yote alidhani hodi tatu zote ni za mwenye nyumba. Kumbe ya kwanza ni yake, ya pili ni ya kumpa nafasi avae, na ya tatu haikuwa yake kabisa. Ya tatu ni ya jirani. Wale mafundi walichukua adabu yake wakaifua vizuri, wakatoa majirani kama uchafu, na kilichobaki wakakileta huku, ambako majirani walikuwa wamekwisha tolewa tangu zamani.

*

Mkutano ulikuwa Alhamisi adhuhuri, kwenye ukumbi wa kiwanda cha zamani cha samaki. Walikuja watu kumi na saba, na kila mmoja aliacha kiti kitupu upande huu na kiti kitupu upande huu. Semeni alisimama mbele na kidude chake sikioni akawasikilizisha hodi yake, kisha akawaeleza kilichofutwa. Alisema kosa limepatikana na nusu yake ni lake, kwa kufundisha jambo ambalo hakulijua vizuri. Alitaka hivi: mtembezi asifungue mlango. Hodi ya tatu isipojibiwa, aende nyumba ya jirani, amwambie binadamu aliyemo, na binadamu huyo avae buti aje.

Watu wakamtazama kama vile amewataka figo. Mzee mmoja wa nyuma alipendekeza mtembezi amwambie mtembezi wa jirani, watu wabaki ndani. Semeni akajibu kwamba mashine ikimwuliza mashine mwenzake, zitakachofanya zote mbili ni kuandika. Mwingine akasema wao hawakuzoea kuingiliana. Semeni akasema amekwisha liona hilo kwenye viti.

Akasimama Ragna, mwembamba, kofia ya sufi imefika nyusi.

"Na nikienda, akanijibu vibaya?"

"Basi utajua mzima, dada."

Watu wawili watatu walitoa pumzi puani. Henning alimnong'oneza baadaye kwamba kule ndiko kucheka.

Walikubali shingo upande, majira yale ya baridi tu, kwa kujaribu. Henning akaandika karatasi nyingine na kumweleza sharti kwa macho yake mekundu: akitokea mtu mwingine yeyote aliyeachwa sakafuni nyuma ya hodi, jina la Semeni ndilo litakalosomwa, na watembezi wote arobaini wataoshwa siku hiyo hiyo. Akamwuliza kama kuna jambo lolote la Mzee Eilif ambalo baraza la mji linapaswa kulijua.

Miaka thelathini Semeni alijaza daftari la kupita nyumba kwa nyumba na hakuandika humo jambo la uongo. Leo pia hakusema la uongo. Yote aliyowaambia yalikuwa kweli. Ila kulikuwa na kipande kimoja alichokikalia, na akaendelea kukikalia.

"Ana nyonga mbovu," akasema, akatia saini.

Jioni ile alikula peke yake mezani penye viti kumi na viwili. Mtembezi wa zamu alipita, akapiga hodi, akakaribishwa, akamwulizia magoti. Semeni akamjibu kwa kirefu safari hii, goti la kulia mbali, la kushoto mbali, akaeleza na ya marehemu mumewe yalivyokuwa, mpaka akashtuka kuwa anamweleza mtu anayeyajua yote hayo kwa kuwa aliyafundishwa na yeye.

*

Ijumaa saa tano asubuhi Mzee Eilif alirudishwa kwake kwa gari la theluji, akaachwa na magongo mawili. Saa saba kasoro Semeni alikuwa amesimama nyuma ya chanja ya samaki, mahali ambapo haonekani kutoka dirishani, begi miguuni. Chini bandarini meli yake ilikuwa inapakiwa na winchi zisizo na watu. Moshi ulikuwa unatoka bombani kwa Eilif. Moshi hauthibitishi kitu, alijiambia. Siku ile pia jiko lilikuwa linawaka wakati mzee anaanguka.

Mtembezi akaja kwa barabara. Akapanda ngazi, akasimama ubavu ubavu.

Hodi ya kwanza. Semeni alijikuta anahesabu kwa vidole ndani ya glovu. Kimya.

Ya pili. Pazia halikutikisika. Semeni akaona jinsi atakavyotembea mpaka ofisini kwa Henning, na maneno atakayotumia, na uso wa mzee atakapoambiwa, na ile Nyumba Kubwa ya ghorofa tisa aliyoijengea picha kichwani bila kuiona. Alitamani apige kelele kutoka pale alipo, itika wee mzee. Lakini akimwitikisha yeye, kesho nani atamwitikisha?

Ya tatu, uso kushoto. Kimya.

Mtembezi akateremka ngazi. Hakuandika, hakurudi barabarani. Akaelekea shambani, kwenye theluji ya juu, akipanda na kushuka kwa miguu yake minne, akauruka uzio uliolala, akafika nyumba ya pili. Hapo akapiga hodi tena, na baada ya muda ambao Semeni aliona ni mwaka mzima, mlango ukafunguka.

Ragna alikuja buti hazijafungwa kamba, koti juu ya aproni, anasema peke yake njia nzima. Alipouvuka uzio aliutazama kidogo, akaupiga teke. Akapanda zile ngazi tatu, na hakusimama ubavu wala nini. Aliupiga mlango kwa ngumi.

"Eilif. Umekufa, au unaringa tu?"

Upepo ukapita. Kule bandarini meli ikapiga honi ya kwanza. Ragna akainua ngumi tena, akaishusha, na kwa mara ya kwanza sura yake ikawa ya mtu mwenye hofu. Alipofungua mdomo sauti ilitoka ndogo, na neno lilikuwa lile la mashine.

"Hodi," akasema.

Kutoka ndani ukasikika mlio wa kitu cha mbao kikigonga, kisha sauti ya mzee, kali, imepasuka kwa aibu.

"Niko chooni."

Ragna akasimama kama aliyemwagiwa maji.

"Niko chooni," mzee akarudia kwa nguvu zaidi, na kidude cha Semeni kikafasiri neno kwa neno bila kuona haya. "Suruali imekwama kwenye gongo. Siwezi kuinama. Nilikuwa nasema nimalize kwanza."

"Unamaliza tangu lini?"

"Tangu saa sita."

"Saa nzima, Eilif?"

"Ungekuja mapema basi."

Ragna akatoa pumzi puani. Akajipangusa pua kwa mkono wa koti, akautazama mlango, akauliza, sasa kwa sauti ya kawaida ya mtu na mtu, kama aingie au asiingie.

Haikuwa haraka. Mzee aliyefikiria siku tatu mara ya kwanza, hata hii aliifikiria. Semeni alisikia honi ya pili na hakuinua begi.

"Karibu," ikasema ile sauti. "Ila usitazame."

Ragna akafuta buti zake kwenye ngazi, moja, na ya pili, akashika kitasa, akaingia. Mtembezi, kazi yake ikiwa imekwisha, akashuka barabarani kwenda nyumba inayofuata. Moshi ulikuwa unatoka bombani. Baada ya kitambo zikasikika sauti mbili ndani, moja juu ya nyingine, hazielewani, na katikati yao neno uzio.

Semeni alitoka nyuma ya chanja, akapita mbele ya zile ngazi tatu. Mlango ulikuwa umefungwa. Hakuna aliyejua kuwa yupo, na hakuna aliyemwambia karibu. Akabadilisha begi mkono, akateremka peke yake kwenda melini, na hakubisha hodi.